Georg Schweinfurth: aliyetoa mbwa akapewa kijana, na swali la asili ya mbwa wa Kongo

Mbwa anayelala mlangoni mwa zizi huko Mushaki, kwenye barabara inayopanda kutoka Sake kwenda Masisi-Centre, hana cheti wala jina la ukoo. Wachungaji wanamjua kwa kazi yake: kubweka usiku, kufukuza mbweha, kumfuata mwenye ng'ombe mpaka malishoni. Nani aliyemzaa, na babu yake alitoka wapi, si swali ambalo mtu analiuliza wakati wa kukamua maziwa.

Ulaya na Marekani swali hilo limekuwa biashara. Mwenye mbwa anasugua kijiti chenye pamba ndani ya shavu la mnyama wake, anakitia ndani ya bahasha, anakituma maabara. Baada ya majuma machache anapata majibu ya DNA yenye asilimia: kiasi hiki ni mbwa wa Ujerumani, kiasi hiki ni wa Uingereza. Na pale mbwa anapokuwa na damu ya Afrika ya kati, jina moja hutokea kwenye karatasi: basenji, mbwa wa Kongo.

Msomaji wa Goma, Bukavu au Kisangani hahitaji mkalimani wa jina hilo. Ni neno lile lile ambalo watu hutupiana barabarani kama tusi, mshenzi, musenji, mtu wa porini asiyestaarabika. Wazungu walilichukua kwa watu waliokuwa wanamwita hivyo mbwa wa vijijini, wakaliandika kwenye vitabu vyao vya ukoo wa mbwa kama jina la heshima.

Mmoja wa watu wa kwanza kuandika kwa makini sura ya mbwa huyo hakuwa mfugaji wa mbwa. Alikuwa mtaalamu wa mimea, Georg August Schweinfurth, aliyefika mto Uele mwaka wa 1870. Jina lake limo katika vitabu vya jiografia, vya mimea, na vya historia ya Wamangbetu na Azande. Limo pia katika habari moja ambayo haipendezi kusimuliwa: alimtoa mbwa wake mmoja, akapewa kijana wa Kimbilikimo.

Kutoka Riga mpaka Khartoum

Schweinfurth alizaliwa Riga tarehe 29 Desemba 1836. Mji huo leo ni mji mkuu wa Latvia, lakini wakati ule ulikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na familia yake ilikuwa ya Wajerumani waliokaa huko. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa divai. Kijana alisoma Heidelberg, Munich na Berlin, na tangu mwanzo alipenda mimea kuliko kitu kingine.

Afrika ilimfikia kwanza ndani ya karatasi. Alipewa kazi ya kupanga mimea iliyokaushwa ambayo wasafiri wengine walikuwa wameileta kutoka Sudan, na kwa kuyatazama majani yale akatamani kuiona nchi ilikoota. Kati ya 1863 na 1866 alitembea Misri, pwani ya Bahari Nyekundu na mipaka ya Abisinia. Safari hiyo alijigharamia mwenyewe kwa sehemu kubwa.

Safari ya pili ndiyo iliyompa jina. Chuo cha elimu cha Berlin kilimpa fedha kutoka katika mfuko wa Humboldt, na mwanzoni mwa 1869 akaondoka Khartoum kwa mashua, akipanda Nile kuelekea kusini. Hakwenda na askari wengi wake mwenyewe kama alivyofanya Stanley miaka michache baadaye. Alijiunga na wafanyabiashara wa pembe za tembo, na hasa mmoja wao, Mohammed Abd-es-Sammat, mtu wa Nubia aliyempenda na kumlinda bila kumtoza.

Hapo pana jambo ambalo wasifu wake mwingi hulipita haraka. Wafanyabiashara hao waliuza pembe, lakini pia waliuza watu. Ngome zao, zilizoitwa zeriba, zilikuwa mahali pa kukusanyia ndovu na watumwa. Schweinfurth aliuchukia utumwa na aliandika dhidi yake, tena kwa nguvu. Lakini alikula nao, alilala ndani ya ngome zao, na bila bunduki zao asingefika alikofika.

Mbwa wenye kengele ya mti

Akiwa njiani kuelekea kusini alipita katika nchi ya Azande, ambao Waarabu na Wadinka waliwaita kwa jina la kuwadharau, Niam-Niam, maana yake walaji. Schweinfurth alilibeba jina hilo mpaka Ulaya, na likakaa midomoni mwa Wazungu kwa miaka mingi.

Katikati ya kurasa ndefu kuhusu mimea, silaha, nywele na nyumba, aliandika habari za mbwa. Alisema ni wadogo, wenye nywele fupi laini. Masikio yao ni makubwa na yamesimama wima. Mkia ni mfupi na umejikunja kama wa nguruwe. Rangi yao mara nyingi ni ya manjano yenye wekundu, na wengi wana ukanda mweupe shingoni. Aliona kwamba Azande huwafunga kengele ndogo za mti ili wasipotee katika majani marefu wakati wa kuwinda. Aliona pia kwamba huwanenepesha na kuwala.

Mtu aliyewahi kutembea na wawindaji wa msitu upande wa Walikale anaitambua kengele hiyo. Kazi yake ni ile ile: mbwa hawezi kuonekana katika majani, basi asikike. Ufundi huo hauna mwenyewe mmoja. Umeenea katika msitu wote wa Kongo.

Mambo ya mbwa yalichukua mistari michache tu ya kitabu kikubwa. Schweinfurth hakujua kwamba, baada ya miaka mia moja, wafugaji wa London na wa Marekani wangeisoma mistari ile kuliko yote mengine aliyoyaandika.

Kwa mfalme Mbunza

Mwezi wa Machi 1870 alivuka mto mkubwa unaokwenda magharibi, Uele. Alijua ameona jambo ambalo hakuna mtaalamu wa Ulaya aliyekuwa amelieleza. Ila alikosea mahali maji yanakokwenda: alidhani yanamwagika upande wa ziwa Chad. Ilibidi wengine waje baada yake ili ijulikane kwamba Uele ni mzazi wa Ubangi, na kwa hiyo ni maji ya mto Kongo.

Ng'ambo ya Uele alipokelewa na Mbunza, mfalme wa Wamangbetu. Maelezo yake ya jumba la mfalme, lenye urefu wa zaidi ya mita 40 na lililojengwa kwa mti na matawi bila msumari hata mmoja, yalifanya Wazungu wengi wafikiri upya habari zao kuhusu watu wa katikati ya Afrika. Alichora visu, viti, ngoma, vyungu. Michoro hiyo aliitoa katika kitabu cha peke yake mwaka wa 1875, na hata leo wanaosoma sanaa ya Kimangbetu huanzia hapo.

Lakini macho yale yale yaliyopima jumba yalipima pia watu. Alitangaza kwamba anataka mafuvu ya vichwa, akaletewa zaidi ya 200. Akachagua yapatayo 40 yaliyokuwa mazima, akayatuma Berlin. Kwake yeye mafuvu, kama majani, yalikuwa vitu vya kupangwa kwa makundi. Leo makumbusho ya Ujerumani yanafanya kazi ya kutafuta asili ya mabaki ya watu yaliyochukuliwa Afrika wakati ule, jambo ambalo karne ya 19 haikuliona kama deni.

Huko kwa Mbunza ndiko alikowaona Waaka, watu wafupi wa msituni ambao wataalamu wa Ulaya walikuwa wakibishana tangu zamani za Wagiriki kama wapo kweli au ni hadithi. Kwa mtu wa Kivu, anayeishi jirani na Wambuti na Batwa, ubishi huo unachekesha. Kwa Schweinfurth ulikuwa ushindi mkubwa wa maisha yake, na alitaka kurudi na ushahidi.

Alikuwa na mbwa aliokuja nao kutoka kaskazini. Mfalme aliwatamani. Schweinfurth alikataa kwanza, kisha akakubali kumtoa mmoja, na badala yake Mbunza akampa kijana wa Kiaka aliyeitwa Nsewue.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa na mwenyewe, bila kuficha. Hakuona haya, kwa sababu katika fikira zake hakuwa amenunua mtumwa. Alikuwa amempata rafiki mdogo na ushahidi wa elimu kwa wakati mmoja. Alimvika nguo, alimlisha mezani pake, alimpenda kwa namna yake. Nsewue hakuulizwa. Mtu mmoja alibadilishwa na mnyama, na wote wawili waliofanya mapatano hayo walifurahi na faida yao.

Walitembea pamoja zaidi ya mwaka. Walipokuwa wanashuka Nile kurudi nyumbani, katika mji wa Berber huko Sudan, Nsewue alishikwa na ugonjwa wa kuhara, akafa. Mwaka ulikuwa 1871. Schweinfurth alisikitika sana, na kitabu chake kinaonyesha masikitiko hayo kuwa ya kweli. Kilio chake kilikuwa cha mtu aliyempoteza mtoto na pia cha mtaalamu aliyekosa kitu cha kuonyesha.

Moto, na kuhesabu hatua

Kabla ya kufika Berber alikuwa ameshapata pigo lingine. Desemba 1870, zeriba alimokuwa anakaa iliwaka moto. Nyumba zilikuwa za majani, na kwa muda mfupi kila kitu kikawa majivu: mimea aliyokusanya, daftari zake, vipimo vya hali ya hewa vya miezi na miezi, saa, dira, nguo, baruti.

Wengi wangekata tamaa na kurudi. Yeye aliendelea, na kwa kuwa hakuwa na saa ya kupimia mwendo, akaanza kuhesabu hatua. Kwa miezi kama sita alihesabu hatua milioni moja na robo, na kwa hesabu hiyo akachora ramani ambayo wataalamu waliikubali.

Kitabu chake, kilichotoka kwa Kiingereza na Kijerumani kati ya 1873 na 1874, kilisomwa kote Ulaya. Wakati kinasomwa, Mbunza alikuwa ameuawa tayari, mwaka wa 1873, katika vita na wale wale wafanyabiashara wa kaskazini. Ufalme aliouona Schweinfurth haukurudi tena kama ulivyokuwa.

Yeye alihamia Cairo. Mwaka wa 1875 alisaidia kuanzisha chama cha jiografia cha Misri chini ya Khedivi Ismail, akawa rais wake wa kwanza. Alikaa Misri zaidi ya miaka 10. Kazi aliyoifanya huko haijulikani sana na watu, na pengine ndiyo bora kuliko zote: alichukua maua, mbegu na matunda yaliyopatikana ndani ya makaburi ya Mafarao, akayalowanisha, akayatambua moja moja. Alitaka kujua mmea wa shambani ulitoka kwa mmea gani wa porini, na watu gani waliubeba kutoka nchi gani. Kwa ajili ya swali hilo alikwenda Yemen, Eritrea na Afrika ya kaskazini hata akiwa mzee.

Alikufa Berlin tarehe 19 Septemba 1925, miezi michache kabla ya kutimiza miaka 89. Alizikwa ndani ya bustani ya mimea ya mji huo. Sehemu kubwa ya mimea iliyohifuhiwa Berlin iliteketea Machi 1943, mabomu ya vita vya pili vya dunia yalipopiga jengo la makumbusho ya mimea.

Mbwa walifuata njia yao

Mbwa wa aina aliyoieleza walianza kupelekwa Uingereza akiwa bado hai. Mwaka wa 1895 wawili walionyeshwa London kwenye maonyesho ya Crufts, wakafa baada ya muda mfupi kwa ugonjwa unaoua watoto wa mbwa, ambao miili yao haikuujua. Waliofuata nao walikufa kwa wingi. Ni mwaka wa 1937 tu ambapo Bi Olivia Burn alifaulu kuwaonyesha Crufts mbwa aliowatoa Kongo ya Wabelgiji, na watu wakasongamana kuona mbwa asiyebweka. Basenji si bubu. Anatoa sauti kama mtu anayeimba akiwa na kitu kooni. Na jike lake hupata joto mara moja kwa mwaka, si mara mbili kama mbwa wengi wa Ulaya.

Mwaka wa 1959 Mwingereza mwingine, Veronica Tudor-Williams, alikwenda Sudan ya kusini, karibu na nchi ya Azande, kutafuta damu mpya. Alirudi na jike jekundu aliyeitwa Fula. Basenji wengi sana wa leo wana damu yake.

Ndipo tatizo lilipoonekana. Mbwa wote wa Ulaya na Marekani walikuwa watoto wa mbwa wachache mno. Ndugu walizaa na ndugu, na magonjwa ya ukoo yakajitokeza, hasa moja la figo ambalo humfanya mbwa akojoe sukari mpaka akonde na kufa. Wafugaji wa Marekani wakafanya jambo ambalo wenye mbwa wa ukoo safi huliogopa: mwaka wa 1987 na 1988 walikwenda Zaïre, upande wa Uele, wakaomba na kununua mbwa wa vijijini. Mwaka wa 1990 chama kikubwa cha mbwa cha Marekani kikafungua kitabu chake cha ukoo kuwapokea. Mbwa wa mwanakijiji asiye na cheti alikuja kuokoa wenye cheti. Kipimo cha DNA cha ugonjwa ule wa figo kilipatikana mwaka wa 2007, na sasa mfugaji anaweza kujua mapema ni mbwa gani wasizalishwe pamoja.

Mate ya mbwa yanasema nini

Kipimo cha asili hakisomi jina lililoandikwa ndani ya damu, kwa sababu halimo. Maabara hutazama maelfu ya alama ndogo katika DNA ya mbwa, kisha hulinganisha na alama za mbwa ambao tayari aina yao inajulikana. Yule anayefanana naye zaidi ndiye anayetajwa. Kila kitu kinategemea orodha iliyo mkononi mwa maabara. Kama orodha imejaa mbwa wa Uingereza na Ujerumani, na kutoka Afrika ya kati yumo basenji peke yake, mbwa wa Mushaki ataitwa basenji, si kwa sababu ametoka kwake, bali kwa sababu ndiye jirani pekee aliyeandikwa.

Utafiti uliotolewa mwaka wa 2009 ulilionyesha hilo vizuri. Wataalamu walichukua damu ya mbwa 318 wa vijijini huko Misri, Uganda na Namibia. Walikuta kwamba mbwa wengi wa vijiji si mchanganyiko wa mbwa wa Kizungu waliotoroka. Ni wazawa, watoto wa mbwa walioingia Afrika zamani sana. Basenji alikaa upande wa wazawa hao. Lakini mbwa anayeuzwa kwa jina la Farao, na yule mwenye mstari wa nywele mgongoni anayehesabiwa kuwa wa Rhodesia, damu yao ilielekea zaidi Ulaya. Jina na sifa za Afrika, mababu wa kwingine. Schweinfurth, aliyezoea kuona mmea ukiitwa kwa nchi ambayo haukutoka, asingeshangaa.

Basi basenji ni tawi moja dogo la mti mkubwa, lililokatwa na kupandwa Ulaya. Mti wenyewe ni mbwa wa vijiji, kutoka Uele mpaka Walikale na kuvuka Uganda. Baadhi ya maabara zimeanza kuweka kundi la mbwa wa vijiji vya Afrika katika orodha zao, na hilo ni jibu la haki zaidi kuliko kumgawia mbwa wa zizini asilimia za mbwa ambao mababu zake hawakuwahi kukutana nao.

Mushaki ingeleta majibu yenye mchanganyiko. Wakoloni wa Kibelgiji walifungua mashamba ya ng'ombe katika vilima vya Masisi, na haitakuwa ajabu kama mbwa wao waliacha watoto. Tangu hapo watu wamehama na kuhamishwa na vita mara nyingi, na mbwa huwafuata watu, au huachwa nyuma wakazaa na wengine.

Masisi inaijua pia bei ya swali la nani ametoka wapi linapoulizwa kwa watu. Kipimo cha mate ya mbwa hakina la kusema juu ya ardhi wala juu ya uraia wa mtu, na yeyote atakayejaribu kukipeleka huko atakuwa amerudi kwenye mafuvu 40 ya Berlin.

Kaskazini, katika Haut-Uele na Bas-Uele, mbwa wadogo wekundu wenye masikio wima bado wanaingia porini mbele ya wawindaji, na kengele ya mti shingoni.